Mama mkwe anavuta majani, mwanangu kala mbegu

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Uyole, Mbeya. Nina miaka 42, nimeolewa, nina watoto watatu, na nauza viazi karibu na njia panda. Mama mkwe wangu anaishi nasi tangu mwaka juzi. Kwao ni Rungwe, huko juu Isongole. Ana pumu ya miaka mingi. Ikifika mwezi wa sita, baridi imeshika na ukungu hauondoki mpaka saa nne, kifua chake hulia kama filimbi usiku kucha.

Nyuma ya choo chetu umeota mmea ambao yeye anauita dawa ya kifua tu. Jirani yetu mwalimu, mtu wa Pwani, anasema kwao ni mnanaha. Una maua meupe marefu kama tarumbeta, majani yanayonuka vibaya ukiyafikicha, na matunda ya kijani yenye miiba. Tunda likikauka linapasuka pande nne, ndani mna mbegu ndogo nyeusi. Mama hukausha majani juu ya jiko, anayasokota kwenye gazeti, anavuta. Shangazi, siwezi kusema uongo: nimeona kwa macho yangu kifua kikifunguka.

Shida ni mwanangu wa kwanza, ana miaka 20. Alimaliza kidato cha sita mwaka jana. Mwezi wa tano rafiki yake alikufa kwa ajali ya bodaboda kwenye barabara kuu, na tangu hapo halali vizuri. Jumapili moja, wiki tatu zilizopita, nimerudi kanisani namkuta nyuma ya jiko anaongea na mtu ambaye hayupo. Anavuta sigara ambayo haipo, anapuliza moshi ambao haupo, mara anaokota nyuzi hewani. Macho yamekuwa meusi yote. Mwili wa moto, mkavu, hata tone la jasho hamna. Nikamwita jina, hakunijua mimi mama yake. Akataka kutoka aende barabarani, baba yake akamfunga kwa kanga. Majirani wakasema amerogwa, wengine wakasema yule marehemu anamwita. Tukampeleka kwenye maombezi mpaka jioni. Usiku akawa analia tumbo, mkojo hautoki. Jumanne akarudi katika akili zake, ila hakuweza kusoma hata simu, herufi zilikuwa ukungu kwa siku kadhaa.

Baadaye mdogo wake ndiye aliyesema: kaka alichemsha zile mbegu kwenye chai. Nilipomwuliza akanijibu kwamba amesoma kwenye simu kuwa siku hizi madaktari wa Ulaya wanatibu huzuni kwa uyoga na mimea inayomfanya mtu aone mambo. Halafu akasema, "Kwani bibi si anatumia kila siku?"

Nataka kuukata ule mmea na kuuchoma. Mume wangu hataki, anasema ni dawa ya mama yake na ya babu zao. Mama mwenyewe ana wiki nzima hasemi nami, anadai nimemwita mchawi. Shangazi, hii ni dawa au ni sumu? Na mwanangu, kichwa chake kimeharibika? Niukate au niuache?

Mama wa Uyole

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kumwita mtoto wako jina akakutazama kama mgeni si jambo dogo, na wewe umelibeba wiki tatu huku nyumbani husemeshwi.

Nianze na mama mkwe, kwa sababu yeye hakukosea kuhusu kifua. Majani yale yana atropini na ndugu zake wawili, skopolamini na haiosiamini. Kazi yao ni kuzuia ujumbe fulani wa neva, ule unaoiamuru misuli ya njia za hewa ijikaze na tezi zitoe ute. Ujumbe ukizuiwa, njia zinalegea na pumzi inapita. Katika karne ya 19 maduka ya dawa ya Uingereza na Ufaransa yaliuza sigara za pumu, na ndani yake mlikuwa na majani ya mmea huohuo. Bibi wa Isongole na matabibu wa London waliliona jambo lilelile. Mwambie mumeo hivyo, na mwambie mama mwenyewe, tena umwambie kabla hujataja panga wala jembe. Aliyeitwa mchawi anahitaji kusikia kwanza kwamba alijua kitu.

Mimi nilikuwa nesi kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa ya kazi yangu katika vituo vya afya vya huku kwetu kwenye viazi. Kwenye kabati la dharura kuna dawa moja niliyoihesabu kila asubuhi nisije nikaikosa, nayo ni atropini. Msimu wa kupulizia ukifika, tulikuwa tukiletewa vijana waliopulizia dawa ya wadudu bila kinga, upepo ukawarudishia usoni. Wengine, Mungu awarehemu, walikuwa wameinywa makusudi. Mate yanamtoka, jasho linamtiririka, amejinyea, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, na kifua kimejaa maji mpaka unasikia yanachemka. Tunachoma atropini. Tunasubiri dakika chache, tunasikiliza kifua, tunachoma tena, tunaongeza, mpaka kifua kikauke. Nimeona watu wakirudi kutoka mlangoni kwa kifo. Kwa hiyo usitarajie mimi niuite mmea huo wa shetani.

Lakini angalia jinsi wale vijana walivyopona. Miilini mwao mlikuwa na sumu inayovuta upande mmoja, na atropini ikavuta upande wa pili. Mwanao hakuwa na sumu ya upande wowote. Yeye alivutwa moja kwa moja, na hakukuwa na kitu cha kumrudisha. Halafu sisi kichupa kilikuwa kimeandikwa: miligramu 1. Mbegu haijaandikwa kitu. Mmea ulioota penye samadi na uliootea kwenye changarawe si sawa, jani changa na jani kuukuu si sawa, mwaka wa mvua na mwaka wa jua si sawa, na mbegu ndizo zenye kemikali nyingi kuliko majani. Kuchemsha hakuziondoi. Kukausha hakuziondoi. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu wapatao 300 waliugua na watano wakafa baada ya kula uji wa unga wa msaada. Uchunguzi ukakuta humo kemikali hizihizi za jamii ya mnanaha. Wale hawakuwa wakitafuta kulewa wala kutibiwa. Walikunywa uji.

Sasa turudi Jumapili ile, maana kila ulichokiandika ni alama ambayo nesi yeyote aliyewahi kukutana na sumu hii angeitambua. Mboni zilifunguka mpaka jicho likaonekana jeusi. Jasho lilizuiwa, ndiyo maana mwili ulikuwa wa moto na mkavu. Mwili usiotoa jasho hujipika wenyewe, na hapo ndipo wengine hufia. Kibofu kilishindwa kusukuma, ndiyo maana mkojo ulikwama. Na ile sigara isiyokuwapo, zile nyuzi za hewani, ndivyo akili inavyoweweseka ikinyimwa ujumbe wake. Wapo watu wanaolewa kitu fulani huku wakijua kwamba wamelewa. Mnanaha haumwachii mtu hata hilo. Aliyekula anamwona mtu asiyekuwapo na anamjibu, na barabara kuu ya kwenda Tunduma, kwa macho yake, inaweza kuwa kijito cha kuvuka kwa miguu. Mmemzuia asitoke, na kwa hilo mmeokoa maisha yake.

Kumfunga, hata hivyo, kulikuwa na hatari. Mtu anayepambana na kamba huzidi kupata joto, na joto ndilo lililokuwa linamwinda. Mtu wa namna hii anashikwa kwa upole na watu wawili watatu, anavuliwa nguo nzito, anapanguswa maji, anakaa mahali penye mwanga wa kutosha na sauti za watu anaowafahamu, huku bajaji inatafutwa. Siwalaumu kwa maombi. Mungu husikia hata mkiomba ndani ya bajaji mkielekea hospitali. Huko wangempunguzia joto, wangeusikiliza moyo, wangempa dawa ya kumtuliza, wangemwekea mpira wa mkojo, na usiku ule usingekuwa wa kulia tumbo.

Na hili nalisema kwa mkazo kwa kila anayesoma barua hii: ukimpeleka mtu wa hivyo, sema alichokula, au beba tawi lenye tunda uliweke mezani kwa daktari. Asiyejua atadhani ni kichaa cha ghafla, na baadhi ya sindano za kutuliza wagonjwa wa akili, kama kloropromazini, nazo huzuia ujumbe uleule wa neva na zinaweza kuongeza mzigo. Watu huficha kwa kuogopa polisi au aibu. Daktari anataka kujua mmea tu.

Kichwa chake hakijaharibika, mwanangu. Sumu ya mara moja kama hii kwa kawaida hupita yote, na siku chache za macho kuwa na ukungu ni sehemu yake. Huenda asiikumbuke Jumapili ile kabisa, na usimlazimishe kuikumbuka. Ila kama mpaka leo, wiki tatu baadaye, bado anaona watu au bado macho hayasomi, basi kuna jambo jingine na apelekwe wiki hii.

Mama mkwe sasa. Jani linafungua njia ya hewa kwa saa chache, halafu moshi unaichubua njia ileile. Uvimbe wa ndani, ambao ndio pumu yenyewe, unabaki palepale. Na kwa mtu wa umri wake kuna mengine: choo kigumu, mkojo wa kusitasita, kuchanganyikiwa usiku, na kama ana presha ya macho bila kujua, jani hilo linaweza kuipandisha ghafla akapoteza uwezo wa kuona. Siku atakayovuta majani yaliyokolea kuliko ya jana, hatajua mpaka awe amelala chini.

Mpeleke kwenye kituo cha afya mkaombe pampu mbili. Moja ni ya salbutamoli, ya kufungua kifua kikibana. Ya pili ni ya beklometasoni, ya kutuliza uvimbe, na hii anavuta kila siku hata akijisikia mzima. Wengi wanaiacha kwa sababu hawaoni ikifanya kazi papo hapo, halafu Juni inawakuta. Wazee wengi hawawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, dawa inaishia kwenye ulimi. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, toboa kitako kwa tundu linalotosha mdomo wa pampu usivuje, yeye aweke mdomo kwenye mdomo wa chupa, wewe bonyeza, yeye avute polepole. Nimewafundisha hivyo wazee wengi na wameweza. Na kama mnapika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, mtoeni mama humo. Asilale karibu na mkaa eti kwa sababu ya baridi.

Akikuuliza kama dawa ya hospitali inaijua dawa yake, mjibu ndiyo. Ipo dawa ya kuvuta inaitwa ipratropiamu, hutumika hospitali pumu ikiwa kali, na ilitengenezwa kwa kuibadilisha atropini ili ibaki kifuani isipande kichwani. Jani lake limo humo.

Ila usimnyang'anye jani leo ukamwachia kifua kitupu. Pumu inaua. Pampu zije kwanza, azizoee, aone usiku mmoja amelala bila filimbi. Halafu ndipo mzungumzie mmea.

Kuhusu alichokisoma mwanao kwenye simu, usimwambie ni uongo, maana si uongo wote, na akigundua hivyo hatakuamini tena. Kuna kemikali inaitwa silosibini, iko kwenye aina fulani za uyoga. Australia, tangu tarehe 1 Julai 2023, madaktari wa akili waliopewa kibali maalumu wanaruhusiwa kuitumia kwa mtu mwenye sonona ambayo dawa nyingine zimeshindwa. Lakini simu huwa haimalizii habari. Mgonjwa huyo hupimwa kwanza. Aliyewahi kuugua kichaa, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua, kwa kawaida hapewi. Kiasi kinapimwa kwa miligramu. Siku ya dawa anakaa na wataalamu saa nyingi, hawamwachi, na kabla na baada ya siku hiyo kuna vikao vya mazungumzo. Wala silosibini na mnanaha hazifanani kazi, zinagusa milango tofauti kabisa ya ubongo. Hata skopolamini imewahi kujaribiwa Marekani kwa watu wenye sonona, kwa sindano, kwa vipimo vya mikrogramu, yaani sehemu za milioni moja ya gramu. Majaribio ya kwanza yalitia moyo, ya baadaye hayakuonyesha faida ileile. Huko wanahesabu mikrogramu; yeye alihesabu kwa kijiko cha chai.

Na asije akasema basi ataenda kutafuta uyoga huo msituni. Huku kwetu tunakula uyoga tuliofundishwa na mama zetu, kila mmoja kwa jina lake, na hata hivyo kila masika tunazika watu. Ipo aina ambayo ukiila unakaa saa sita au zaidi bila dalili, kisha unatapika na kuharisha, unapata nafuu ukadhani umepona, kumbe ini linakufa.

Sasa niseme lile lililonifanya niisome barua yako mara tatu. Umeandika habari za mmea kurasa mbili. Habari za rafiki yake aliyekufa umeziandika kwa sentensi moja, na mwisho wake ni maneno haya: "tangu hapo halali vizuri." Tangu mwezi wa tano. Mwanangu, kijana huyo sidhani kama alikuwa anatafuta starehe. Alimwona bibi yake anavuta, anatulia, analala. Akasoma kwamba kuna mimea inayoondoa huzuni. Akachanganya hayo mawili kwenye kikombe kimoja, peke yake, saa ambayo nyumba nzima ilikuwa kanisani.

Swali ambalo hujamwuliza ndilo ninalotaka umwulize. Chagua wakati mko wawili, labda mnapomenya viazi, mikono ikiwa na kazi na macho hayalazimiki kutazamana. Mwulize kama alitaka kulala, au alitaka asiamke. Uliza kwa maneno hayohayo. Najua yanatisha kutamka, na kuna watu watakwambia ukimwuliza utampa wazo. Si kweli. Kwa miaka yote niliyofanya kazi wodini, wengi niliowauliza walishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akikujibu kwamba hakutaka kuamka, usimwache peke yake siku hiyo, dawa za kupulizia shambani zifungiwe kwa kufuli, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Akikujibu kwamba alitaka kulala tu, bado mwende, ila mnaweza kusubiri kesho.

Mbeya mna bahati ya kuwa na hospitali ya rufaa ya kanda. Ulizeni kliniki ya afya ya akili. Kukosa usingizi baada ya msiba, kuiona ajali tena na tena, kukwepa barabara ile au marafiki wale, hayo yote yana matibabu: mazungumzo na mtaalamu, na zipo dawa za sonona ambazo hazimpeleki mtu kwenye kuweweseka. Mwambieni daktari habari za mbegu. Na baba yake aende naye. Wewe umeshamwombea, umeshamlilia. Kijana wa miaka 20 anahitaji pia kumwona baba yake amekaa kwenye benchi la kliniki akimsubiri.

Kuhusu kukata, kata. Kwenye nyumba yenye kijana asiyelala na watoto wadogo, ule mmea usiwepo. Ila jembe ashike mumeo, na mama mkwe awepo, akiwa ameshapata pampu zake, akubali mwenyewe. Vaeni glavu au mifuko ya nailoni mikononi, msiguse macho, mnawe vizuri. Msiuchome, moshi wake nao unalevya, na bibi mwenye pumu yupo palepale. Msimtupie mbuzi wala msiweke kwenye mboji. Chimbeni shimo refu mfukie. Fanyeni matunda yakiwa bado ya kijani, maana yakipasuka mbegu hukaa ardhini miaka na miaka, na mvua zikianza Novemba utaiona tena miche imechipua nyuma ya choo. Ing'oe ikiwa midogo.

Na ukiwa umekaa na mama siku hiyo, mwombe akusimulie nani alimfundisha lile jani, na lini. Mwambie ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwa kumtunza mumeo akiwa mdogo kwenye baridi ile ya Isongole. Kisha mbonyezee pampu yake.

Shangazi